Samaki Wanaokula na Kukonda

Assia na mume wake Shakuru wanaishi Carama, pembeni ya mji, pale nyumba zinapoishia na mashamba kuanza. Shakuru ni fundi wa pikipiki. Nyuma ya nyumba wana bwawa la tilapia. Kila asubuhi Shakuru aliwalisha samaki kabla ya kwenda kazini.

Mwaka huu ndagala, wale dagaa wakavu waliokuwa wakiwasagia samaki, zikawa adimu sokoni. Assia akapata soja. Akaisaga mbichi, akaichanganya na pumba za mchele. Samaki wakaila.

Baada ya wiki chache, asubuhi moja yenye ukungu, Shakuru aliwakuta samaki wote wamesimama karibu na uso wa maji. Hawakukimbia kivuli chake. Migongo ilikuwa myembamba kama kisu, matumbo yamevimba. Nyuma ya kila samaki ulining'inia uzi mrefu mweupe. Maji yalikuwa yametulia, lakini nyuzi zile zilicheza polepole.

Alirudi ndani.

"Assia, wale samaki wananiangalia."

"Samaki anaangalia mutu?"

"Njoo uone."

Assia alitupa chakula. Samaki walikula bila sauti, kisha wakasimama tena vilevile.

Jirani yao Pontien aliwaona kutoka kwake. Akasogea, akasema kwa sauti ya chini, "Zamani hapo palikuwa na kisima. Mutu alizama. Mi nawaambia, mufukie hilo bwawa."

Tangu siku hiyo, kila asubuhi samaki mmoja au wawili walielea, midomo wazi. Shakuru akaacha kuwalisha, akaazima jembe.

"Mi siwezi kukaa na kitu kama hiki," alisema.

"Ngoja kwanza," Assia akamjibu. "Nimwite dokta Concilie."

Concilie ni daktari wa mifugo, anakaa Ngagara. Alipofika aliyanusa maji, akayachota kwa kiganja. Akasema, "Maji ni mazima." Kisha akampasua samaki aliyekuwa ametoka kufa. Utumbo ulikuwa mwekundu na umevimba. Ndani yake unga wa soja ulikuwa bado unga.

"Munawapa soja mbichi?"

"Ndiyo, dokta," Assia alisema. "Si ina protini?"

"Inayo, nyingi. Lakini ikiwa mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kusaga hiyo protini. Utumbo unaumia. Samaki anashiba, lakini mwili haupati kitu. Ule uzi mweupe ni ute wa utumbo na choo."

"Tuache soja?"

"Apana. Ikaange vizuri mpaka iive ndani, ndipo usage. Na usiwape soja peke yake. Changanya na unga wa ndagala, hata kidogo. Ndagala inasagika upesi tumboni. Kwanza wapumzishe siku mbili bila chakula."

Shakuru alikuwa bado ameshika jembe. "Dokta, na yule mutu wa kisima?"

Concilie aliyaangalia maji. "Huyo simujui," alisema. "Mi najua samaki."

Assia alifanya kama alivyoambiwa. Vifo vilipungua, kisha vikakoma. Nyuzi nyeupe zikapotea. Samaki wakaanza kunenepa migongo. Walipovua mara ya kwanza, Assia alimpelekea Pontien sahani ya samaki wa kukaanga, na Pontien akawala wote.

Shakuru amerudi kuwalisha mwenyewe. Lakini kabla ya kutia mkono majini anasoma bismillahi, kwa sauti, na Assia hamuulizi kwa nini.