Jiwe Lililoanikwa Juani

Jamani, jiwe likipigwa na jua la mchana linapaswa kuwaka moto. Lile la juu ya mlango mkuu wa jengo jipya lilikuwa baridi, tena linatoka jasho. Fundi akajifuta kiganja kwenye suruali, akajiambia labda ni gundi haijakauka. Alilichagua mwenyewe kutoka shehena nzima, jeusi tititi lenye mishipa myeupe, akalibandika pale kila mpita njia alitazame. Mtu hupenda sifa, na yeye si malaika.

Aliporudi nyumbani alikuta mapazia yamefungwa. Mkewe, mcheshi asiyejua kunyamaza, alikuwa amejikunyata chini ya kitanda.

"Unatafuta nini huko, mke wangu?"

"Jua linaniunguza."

Fundi akacheka, akamshika mkono amvute. Mkono ulikuwa baridi, umelowa, na chumba kizima kilinuka udongo wa shimoni. Kicheko kikamkauka.

Tangu hapo mkewe hakula wala hakunywa, meno yakawa yanasagana mchana kutwa kwa sauti ya msumeno wa kukatia mawe, na kila mlango ulipofunguliwa na mwanga ukapenya, alilia kwa sauti nzito isiyo yake, akajibana ukutani mpaka kucha zikatoka damu, na fundi, masikini, akakimbilia kuufunga tena.

Akaitwa mganga, mama mmoja wa mtaa wa pili. Akaketi sakafuni, akanong'ona, "Wewe ni nani? Unataka nini kwa binti wa watu?"

"Nilikuwa chini, gizani, kabla ya babu wa babu zenu," ikajibu ile sauti. "Mumewe akanianika juani. Nimetafuta kivuli, nimekipata."

Fundi akatoka mbio mpaka kwa msimamizi wa ujenzi. Jukwaa la kupandia ukutani lilikwisha kushushwa.

"Nibandue jiwe moja tu, lile la juu ya mlango, bosi. Nakusihi."

"Ukilibandua lile, na wewe banduka. Jengo linafunguliwa kesho!" Walinzi wakamsukuma nje.

Mganga alimpokea mlangoni, uso umemshuka. "Mwanangu, hatoki bure. Anataka mahali pengine penye giza. Na mkeo hali yake ni mbaya, kesho haifiki."

"Mwambie aje kwangu."

"Unajua unalosema?"

"Mimi ndiye niliyemwanika. Huyu kosa lake nini?" Akalala kifudifudi, akaingiza kichwa chini ya kitanda, uso kwa uso na mke anayempenda kuliko macho yake, akafumbua kinywa. Baridi ikamshuka kooni taratibu.

Asubuhi mkewe alikuwa uani, anaanika nguo, anawatania majirani, anacheka kama zamani.

"Toka basi, mvivu we! Njoo uone jua lilivyo zuri!"

Chini ya kitanda, fundi aliisikia sauti ile, machozi ya furaha yakamtoka. "Nakuja, mke wangu," akajibu, akajisogeza nyuma zaidi, kwenye kona isiyofikiwa na mwanga.