Nyumba Isiyo na Boriti

Baba yangu ni mwashi. Kila asubuhi alichukua mwiko na timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia wima wa ukuta, akaenda kuwajengea watu. Mama alibaki akifagia, akifua, akipika. Mimi nilimtunza mdogo wangu wa kike. Lakini upepo ukianza tu, mama aliacha kila kitu. Alitutoa ndani mbio, akatukalisha uwanjani, hata kama mvua inanyesha.

Hakuna aliyemcheka. Mwaka uliopita upepo uling'oa paa letu, na boriti ikamwangukia kitindamimba wetu. Tulimzika kesho yake. Baba akarudisha boriti na mabati. Tangu hapo mama aliishi ndani ya nyumba ile kama mgeni.

Mvua za uwanjani zikamletea mdogo wangu homa ya kifua.

"Mke wangu, utaniulia mtoto mwingine," baba alisema.

Neno lilimtoka kabla hajalipima. Baba hakula siku ile.

Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyemleta fundi. Fundi huyo alikuwa mwanamke mwenye mikono mipana, anayejenga nyumba za kuba. Nyumba ya kuba ni ya mviringo, nayo hufunga juu kama bakuli lililofunikwa.

"Haina boriti hata moja?" mama aliuliza.

"Hata moja, dada. Wala bati. Tunajaza udongo mifukoni, tunaipanga. Ukuta unapanda, unainama, unakuwa paa. Upepo hauna pa kushika."

"Na huko juu inashikiliwa na nini?"

"Mifuko inategemeana. Kila mmoja unauzuia mwingine."

Baba alitikisa kichwa. "Udongo utaliwa na mvua."

"Ukiachwa wazi, ndiyo. Chini tunaweka mifuko ya kokoto ili unyevu usipande. Nje tunapiga lipu."

"Na mtoto mtundu mtamsimamisha kona gani?" shangazi aliuliza. "Nyumba yenyewe haina kona!"

Hata mama alitabasamu kidogo.

Tulianza kazi kando ya nyumba yetu ya zamani. Udongo tuliuchimba pale pale kiwanjani. Tuliuchanganya na saruji kidogo na maji ya kulowanisha tu.

"Finyanga tonge," fundi alinifundisha. "Lidondoshe. Likitawanyika kama unga, ongeza maji. Likitandazika kama uji, umezidisha."

Tulijaza mifuko, tukaipanga mduara, tukaishindilia mpaka ikawa migumu. Kati ya safu na safu tulilaza seng'enge, miiba yake iume mifuko isiteleze. Katikati ya nyumba palikuwa na kigingi chenye kamba. Kila mfuko ulipaswa kugusa mwisho wa kamba ile.

Siku moja fundi alikwenda kwenye kazi nyingine. Baba akaupima ukuta kwa timazi. Akaona umeanza kuinamia ndani.

"Watu watasema nilijenga nimelewa," alisema. Akapanga safu tatu zilizonyooka wima.

Fundi aliporudi, alivuta kamba. Haikufika kwenye safu za baba.

"Kaka, ukuta huu nani kaunyoosha?"

"Mimi. Timazi haidanganyi."

"Kweli, haidanganyi. Lakini hiyo ni ya ukuta unaobeba paa. Huu ndio paa. Ukipanda wima hivi, hautafunga kamwe."

"Kwa hiyo juu tuweke nini?"

Mama, aliyekuwa akijaza mfuko, ndiye aliyejibu.

"Boriti," alisema. "Na mabati."

Akaweka beleshi chini, akaenda kukaa uwanjani. Wala upepo haukuwepo.

Baba alipanda ukutani, akaanza kubandua seng'enge kwa mikono. Fundi alimrushia glavu. Alizibomoa safu zote tatu peke yake, hakutaka msaada. Alipomaliza, alimfuata mama.

"Njoo ushike kamba wewe," alimwambia. "Mimi macho yangu yamezoea ukuta wima."

Mama alishika kamba mpaka mfuko wa mwisho. Hakuna mfuko uliolazwa kabla hajasema, "Hapo sawa." Kisha tukapiga lipu haraka, kwa sababu jua hula mifuko hiyo ya plastiki. Tulipohamia, tulishangaa jinsi ndani palivyokuwa na ubaridi saa za mchana.

Upepo mkubwa ulikuja alasiri moja. Mabati ya jirani yalianza kugongana. Mama alikuwa nje akianua nguo. Mimi na mdogo wangu tulisimama mlangoni, tukingoja atutoe.

Alikuja mbio, akatusukuma ndani, akafunga mlango. Upepo ulivuma juu yetu, ukazunguka, ukapita. Mama alikaa sakafuni, mdogo wangu mapajani, akisikiliza.

Baba alirudi kutoka kazini akikimbia. Nilimwona dirishani. Alitutafuta kwanza uwanjani, akizunguka huku na huku. Kisha akaja kufungua mlango.

"Taratibu, baba," nilimnong'oneza. "Mama amelala."