Mshika Bendera wa Mabwerebwere

Siku ile barabarani walikuwepo Editha mshika bendera, Lupakisyo fomeni, Octavian dereva wa tipa, Lazaro na baiskeli yake iliyobeba mikungu ya ndizi, Joha, na Yusrah, binti wa Joha wa darasa la kwanza. Wengine wote wanaosimulia habari hii, hata wale wanaoapa kuwa waliona kwa macho yao, hawakuwepo. Walifika vumbi lilipokwisha kutulia.

Asubuhi yenyewe ilikuwa ya kawaida. Joha, jirani yetu hapa Mabwerebwere, alimaliza kukaanga maandazi yake ya kuuza, akamfunga mwanawe kamba za viatu, wakashuka pamoja hadi kwenye barabara mpya ya kwenda Mikumi. Wakati huo ilikuwa barabara kwa jina tu. Upande mmoja walikuwa wamechimba mtaro wa kummeza mtu mzima, upande wa pili wamemwaga vilima vya kifusi, na katikati tipa zilipishana kutwa. Magari yalitengenezewa mchepuko. Mwenda kwa miguu na mwenye baiskeli hakutengenezewa kitu. Alipita alipoweza, ubavuni mwa matairi. Na ng'ambo ndiko kulikokuwa na shule, ndiko pia ilikoanzia njia ya Tindiga, kwa mama yake Joha.

Aliyewahurumia watu ni Editha. Kazi aliyoajiriwa ilikuwa kusimamisha magari kwa bendera nyekundu na kuyaruhusu kwa bendera ya kijani. Kuvusha watu haikuwamo, na Lupakisyo alikwisha kumkaripia mara nyingi kwamba anachelewesha tipa. Editha aliitikia ndiyo bosi, kisha akaendelea kuvusha. Alichana khanga yake mwenyewe, akafunga vipande kwenye vijiti kando ya mtaro ili wenye baiskeli waone ardhi inapoishia. Watoto aliwashika kifundo cha mkono, si kiganja, kwa kuwa kiganja kina jasho na huteleza. Akiwafikisha ng'ambo aliwaweka sawa kola za mashati, ndipo akawaambia, "Haya, nenda." Hapakuwa na mtoto aliyeondoka kabla ya kuambiwa nenda.

"Mwanao huyo, dada Editha," Joha alisema, kama alivyosema kila asubuhi.

"Mlete mwanangu. Leo mmempa maandazi mangapi, mbona tumbo limetangulia?"

Yusrah akacheka, akatoa shikamoo yake, akaitikiwa marahaba, akashikwa kifundo.

Boza la kumwagia barabara maji lilikuwa halijapita, na vumbi la asubuhi ile lilikuwa jepesi kama unga wa sembe unaochekechwa. Editha alimfikisha mtoto ng'ambo. Alikuwa ameinama kumweka sawa kola aliposikia Lazaro akipiga kengele. Baiskeli ilikuwa imenasa kwenye changarawe katikati ya barabara, mikungu imeielemea, na tipa la Octavian lilikuwa likirudi kinyumenyume.

Editha alimwambia Yusrah, "Nisubiri hapo hapo. Nakuja." Akakimbia na bendera nyekundu juu.

Vumbi likafunika kila kitu.

Lilipotulia, Lazaro alikuwa ndani ya mtaro, mguu umevunjika, ndizi zimemwangukia. Alisema alisukumwa, alihisi mikono miwili mgongoni. Editha alikuwa chini ya matairi ya nyuma. Octavian alishuka, akawa anarudia neno lile lile, kwamba alionyeshwa kijani. Lakini bendera iliyokuwa mkononi mwa Editha ilikuwa nyekundu. Ya kijani ilikuwa bado imeviringishwa, ameibana kwapani.

Yusrah alisimama ng'ambo pale pale. Watu waliitana, wakalia, wakafunika mwili kwa khanga, naye hakusogea. Joha alipomfuata na kumvuta, mtoto aliikaza miguu.

"Hajaniambia nenda," alisema.

Ikabidi Joha ambebe.

Kwa watu wa kwetu, mtoto mdogo aliyemzoea marehemu hupitishwa chini ya jeneza likiwa mabegani mwa wabebaji. Huingia upande huu, akatokea upande ule, basi wameagana, hatafuatwa. Watoto wa Editha walipitishwa. Bi Tatu, mama mkwe wake Joha, alimnong'oneza ampeleke na Yusrah. Joha akakataa kwa upole. Alisema mtoto ameshaona mengi kuliko umri wake, na isitoshe Editha hakuwa ndugu yao. Ilikuwa huruma tu. Alimfunika mwanawe shuka, akamwimbia mpaka akalala, jeneza likapita nje ya mlango wao.

Mshika bendera mwingine hakuletwa. Waliweka pipa tupu lenye jiwe juu yake. Joha akawa anamvusha mwanawe mwenyewe, amembana kiunoni, akikimbia kama mwizi kati ya tipa na tipa.

Mchana mmoja maandazi yalimchelewesha. Akatoka mbio kumpokea Yusrah, akamkuta ameshafika uani, anavua viatu.

"Nani kakuvusha?"

"Mama Editha."

Kwenye kifundo cha mkono wa mtoto palikuwa na alama za vumbi jeupe. Vidole vinne na gumba. Joha alichota maji, akamsugua. Zilitoka. Asubuhi yake zilikuwepo tena, na mtoto alikuwa hajatoka nje.

Alimuuliza polepole, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba. Yusrah alijibu bila woga. Alisema akilala Mama Editha humshika kama zamani, huanza kuvuka naye kwenda ng'ambo, ila hawajafika. Huenda mpaka mahali fulani, halafu humrudisha.

"Anasema barabara imekuwa pana sana. Kila siku tunafika mbali kidogo."

Joha alimzuia nyumbani. Mumewe, Mwinshehe, alikuwa shambani Kidete msimu mzima, kwa hiyo alikuwa peke yake na mlango aliokuwa ameufunga komeo. Yusrah alilala mkekani mchana, mama yake ameketi kando, hajafumba jicho. Mtoto alipoamka, nyayo zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi la barabarani. Siku iliyofuata vumbi lilifika magotini.

Akaenda kwa Lupakisyo. Alimwomba amweke mtu wa kuvusha, au walau aache njia nyembamba kando ya kifusi ili watoto wasipite kati ya matairi. Lupakisyo hakumkaripia. Alimvutia kiti, akampa maji, akasema njia ya miguu haimo kwenye mchoro na yeye ni fomeni tu. Kisha akatazama huku na huku, akashusha sauti. Alisema Octavian ameacha kazi na kurudi kwao. Madereva wengine nao hawataki tena kupita pale kukiwa na vumbi. Wakifika, kuna mkono unawapungia bendera, na hawaijui rangi yake mpaka wamekwisha kupita.

"Dada yangu, mimi mwenyewe nazunguka," alisema.

Akaenda kwa Bi Tatu. Kikongwe alikuwa anachambua mchele. Aliposikia, mikono yake ilisimama juu ya ungo.

"Nilikwambia umpeleke."

"Nimekosa, mama. Sasa nifanyeje?"

"Jeneza limeshaingia ardhini," Bi Tatu alisema. "Utampitisha chini ya nini?"

Hata hivyo aliinuka, akajifunga khanga, akawasindikiza hadi makaburini ili mtoto akaage. Alichukua maji na majani mabichi. Kaburi lilikuwa bado na udongo mwekundu, na shada la maua ya karatasi limekwisha kupauka. Wakamwambia Yusrah aseme kwaheri Mama Editha. Mtoto alilitazama kaburi, kisha akawageukia kama mtu anayewaelekeza watu wazima waliopotea njia.

"Hayupo hapa. Yuko kazini."

Bi Tatu alimwaga yale maji chini, akatangulia kurudi. Pale penye kokoto alimshika Joha mkono ili asijikwae.

Jioni ile vumbi lilikuwa limefika kifuani mwa Yusrah. Joha alipokuwa anamwogesha, mtoto alisema kesho watafika.

Kulipokucha Joha alimvalisha sare. Alifanya hivyo kwa sababu aliona kumfungia hakumsaidii kitu. Alimfunga kamba za viatu, akazikagua mara mbili, wakashuka. Tipa zilikuwa hazijaanza. Barabara ilikuwa tupu. Vijiti vya kando ya mtaro vilikuwa na vipande vya khanga bado, vimesimama kimya, kwa kuwa hapakuwa na upepo.

Walipofika penye pipa, vumbi lilianza kunyanyuka.

Hapakuwa na gari. Hapakuwa na mngurumo. Lilipanda tu, kutoka chini, hadi magotini, hadi kiunoni. Joha alikuwa amemshika mwanawe mkono wa kulia. Akahisi mkono wa kushoto wa mtoto ukinyanyuka, umeshikwa. Yusrah akaanza kutembea.

Joha akamvuta. Akavutwa yeye.

Alipiga hatua moja bila kutaka. Akapiga nyingine. Pipa halikuonekana tena. Mtaro haukuonekana. Aliyekuwa upande wa pili wa mtoto hakumwona, ila aliona kizibao cha rangi ya chungwa, kile cha washika bendera, kikimetameta kidogo kwenye weupe ule, kikiwa kimeinama, kama mtu anayepunguza mwendo ili mtoto asichoke.

"Dada Editha," alinong'ona. "Naomba mwanangu."

Mwendo uliendelea.

"Dada. Ulimwambia akusubiri. Amechoka. Mwambie nenda."

Mwendo ukasimama. Joha alisikia kitambaa kikipepea karibu na sikio lake, na upepo haukuwepo.

"Nitakusubiri mimi," alisema. Neno lilimtoka kabla hajalifikiri, kama linavyomtoka mama yeyote. "Mwache mtoto aende. Nitasubiri mimi."

Katika vumbi aliona vidole vikiiweka sawa kola ya mwanawe. Polepole. Kwanza kulia, kisha kushoto.

"Haya, nenda."

Kiganja cha Yusrah kilimponyoka. Alisikia viatu vidogo vikikimbia, vikikanyaga changarawe, kisha majani. Majani yalikuwa ng'ambo. Mtoto alikuwa amefika.

Joha akataka kumfuata. Akashikwa kifundo.

Sauti ilikuwa ya upole, ile ile ya kila asubuhi.

"Nisubiri hapo hapo. Nakuja."

Lazaro, aliyekuwa amepewa magongo na anajifunza kutembea upya, ndiye aliyemkuta. Joha alikuwa amesimama upande wa huku, kando ya pipa, ingawa alikwisha kutembea sana mle vumbini. Lazaro alimwuliza mbona asivuke, barabara ni nyeupe, haina gari. Joha alijaribu. Mguu ulifika ukingoni, ukakaa pale. Lazaro akaegemea gongo moja, akamshika bega, wakasimama wote wawili wakimtazama Yusrah akiingia lango la shule bila kugeuka nyuma.

Alama ya Joha haikutoka kwa maji, wala kwa mafuta ya taa, wala kwa limao. Vidole vinne na gumba, vyeupe, kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Akikupa chenji ya maandazi huifunika kwa upindo wa khanga.

Lami ilimwagwa kabla ya masika. Njia ya waenda kwa miguu haikuwekwa. Yusrah yuko darasa la tatu sasa, huvuka na wenzake, na hajashikwa tena.

Mwezi wa saba mama yake Joha alizikwa Tindiga, kule ng'ambo. Joha hakuvuka.