Gauni Ambalo Mama Hakuliunguza

"Shoga, gauni la nani hilo uliloliunguza?"

Jirani muuza mkaa aliuliza swali hilo alasiri moja. Alikuwa amesimama mlangoni, mikono yake myeusi ameiweka nyuma ili asichafue vitambaa vya watu. Mama, fundi wa nguo wa mtaa ule, hakuacha hata kukanyaga cherehani. Walikuwa wamezoea kutaniana, na alidhani huo nao ni utani.

"Gauni gani tena?" akasema. "Mimi nikiunguza kitu ni mboga, na mboga hiyo naila mwenyewe kimyakimya."

"Haya, ficha. Huko bombani wanasema ni gauni la bibi harusi. Limetoboka mgongoni, hapa, kama dirisha!"

"La bibi harusi! Na bwana harusi naye sikumchoma?"

Wakacheka wote wawili. Jirani akachukua sindano aliyokuja kuazima, akaenda zake.

Pale sakafuni, kwenye mkeka, binti wa fundi alikuwa akikata nyuzi zilizobaki kwenye mashati ya shule. Ndiyo ilikuwa kazi yake ya kila siku: akirudi shuleni hubadili sare, hula, kisha hushika mkasi mdogo na kukata nyuzi shati baada ya shati, huku mama akishona. Wenzake darasani walimwita Kasuku, kwa kuwa alikuwa hodari wa kukariri, na jina lile alilipokea kama sifa. Siku hiyo mkasi ulisimama hewani. Kati ya watu wote wa mtaa ule, yeye ndiye aliyejua gauni lile limetoka wapi. Lilikuwa limetoka kinywani mwake.

Mambo yalianzia shuleni. Mwalimu wao wa Kiingereza alikuwa na utaratibu wake. Kila Ijumaa aliandika ubaoni msemo mmoja wa Kiingereza, na kila mwanafunzi alitakiwa alete Jumatatu habari fupi ambayo ndani yake msemo huo umetumika. Sharti lilikuwa moja: habari iwe imetokea kweli, nyumbani kwa mwandishi au mbele ya macho yake.

"Msemo ni kama kiatu," alipenda kusema. "Ukikitazama dukani hujui kinabana wapi. Kivae, utembee nacho."

Muhula ule misemo yote ilihusu haki na mambo yasiyo na kona. Mwalimu aliwaeleza kwamba "fair and square" husemwa mtu anaposhinda bila hila, kila mtu akiona. "Fair's fair" husemwa na anayekubali kwamba mwenzake naye ana haki yake, hata kama kukubali huko kunamchoma. Na "plain and simple" hukaa mwishoni, pale msemaji anapokata ubishi: jambo ndilo hilo, halina pambo, tusizungushane.

Kasuku aliijua misemo yote hiyo kabla kengele haijalia. Lakini habari zake zilikuwa kavu. Aliwahi kuandika kwamba timu ilishinda "fair and square", akaishia hapo. Mwalimu akaandika chini kwa wino mwekundu: "Timu ipi? Nani alilia?"

Aliyekaa naye dawati moja alikuwa binti wa dobi. Huyo Kiingereza chake kilichechemea. Herufi zilipotea, nyingine zilijirudia bila kuitwa. Hata hivyo, mwalimu alipofika kwenye daftari lake alivua miwani, akaifuta, akasoma tena. Kasuku aliliona hilo kila Jumatatu, na kila Jumatatu lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Ijumaa moja mwalimu aliandika "plain and simple", kisha akageuka. "Habari itakayokuwa bora safari hii, mwandishi wake ataiwakilisha shule kwenye mashindano ya insha. Nafasi ni moja tu. Na daftari lisilokuwa mezani kwangu Jumatatu kabla ya kengele ya pili, sitalisoma."

Kasuku aliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote. Mama yake alikuwa amewaambia wateja, zaidi ya mara moja, kwamba iko siku mwanawe atasimama mbele ya watu na Kiingereza kitamtiririka. Jumamosi na Jumapili nzima aliuma kalamu. Alipata mistari mitatu.

Yeye ndiye aliyekuwa kiranja wa darasa, na kiranja ndiye mkusanyaji wa madaftari. Jumatatu asubuhi aliyabeba kifuani kuelekea ofisini, lakini alipofika nyuma ya tangi la maji akasimama. Nitachungulia tu, alijiambia. Akafungua daftari la binti wa dobi.

Iliandikwa habari ya baba yake. Mteja mmoja mkubwa alileta shati jeupe, nalo likaunguzwa na mama mpiga pasi waliyekuwa wakifanya naye kazi, mama mjamzito ambaye miguu ilikuwa imemvimba kwa kusimama. Mwenye kiwanda cha kufulia walichofanyia kazi alipouliza, baba akasema, "Ni mimi." Akatukanwa mbele ya wote, akainamisha kichwa. Nyumbani mkewe alipomuuliza kwa nini, alijibu kwamba yule mama akifukuzwa leo, kesho atajifungulia wapi? Mwisho binti alikuwa ameandika, kwa herufi zilizopinda: "My father did not burn it, plain and simple." Yaani, baba yangu hakuliunguza, jambo ndilo hilo.

Kasuku alisoma akahisi macho yanawasha. Kisha akafanya alilofanya. Alichana karatasi yake yenye mistari mitatu, akakaa juu ya jiwe, akaandika upya. Baba akawa mama. Shati likawa gauni. Mpiga pasi wa kule akawa msaidizi wa mama yake, ingawa mama hakuwahi kuwa na msaidizi. Herufi zote alizinyoosha. Kabla ya kengele ya pili madaftari yalikuwa mezani, yote isipokuwa moja. Hilo lilikuwa chini kabisa ya mkoba wake.

"Daftari lako liko wapi?" mwalimu alimuuliza binti wa dobi.

"Nilimpa kiranja, mwalimu."

Mwalimu akamtazama Kasuku.

"Sikuliona, mwalimu," Kasuku akasema.

Mapumziko yale, wenzao walipokuwa wakicheza, binti wa dobi alipiga magoti akatafuta chini ya kila dawati. Kasuku alimsaidia kutafuta.

Habari ya gauni ilishinda. Mwalimu aliipenda mno hata akaamua isomwe siku ya wazazi, kwanza kwa Kiingereza, kisha isimuliwe kwa Kiswahili ili wazazi nao waelewe. Mama hakuweza kuja. Alikuwa na sare thelathini za kumaliza. Kasuku alisoma vizuri sana. Ukumbi ukapiga makofi. Mwalimu mkuu alipomuuliza anajisikiaje, alijibu bila kumeza mate, "I won fair and square, sir." Makofi tena. Binti wa dobi alikuwa mstari wa nyuma, akitazama vidole vya miguu yake. Hakusema kitu.

Wazazi waliokaa mbele walisikia habari yote. Waliokaa nyuma, karibu na watoto waliokuwa wakilia, walisikia nusu: fundi, pasi, gauni, limeungua. Nusu hiyo ndiyo iliyofika bombani.

Basi siku ya pili baada ya swali la jirani, muuguzi mmoja alisimama mlangoni kwa fundi. Safari hii hapakuwa na kicheko.

"Fundi, naomba kitambaa changu."

"Bado hata sijakikata, mama. Si tulisema wiki ijayo?"

"Ndiyo. Nimebadili mawazo. Ni kitambaa alichoniachia marehemu mama yangu, nacho sitapata kingine."

Mama alikitoa rafuni, akakikunja vizuri, akampa kwa mikono miwili. Jioni akaja mwingine. Kesho yake wawili. Rafu ikabaki na vumbi na mashati ya shule tu. Wa mwisho mama alimzuia mlangoni.

"Dada, nakuomba kwa jina la Mungu. Nani kasema nimeunguza nguo?"

Yule mteja akaona haya. "Mwanao mwenyewe, fundi. Kasema mbele ya wazazi wote. Tena kwa lugha mbili."

Mama alirudi, akafunga mlango, akakaa mbele ya cherehani bila kuigusa. "Njoo," akasema. "Nisimulie kama ulivyowasimulia."

Kasuku alisimulia. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Habari nzuri," akasema. "Huyo mama ni mtu mwema kuliko mimi. Mimi nikisingiziwa, kelele zangu zinafika mtaa wa pili. Sasa niambie, ni mama wa nani?"

Kasuku akaokota uzi uliokuwa mkekani, akauzungusha kidoleni.

"Nakuuliza wewe. Ni mama wa nani?"

"Ni baba, mama."

"Baba wa nani?"

Ndipo Kasuku alipolia na kusema yote, kuanzia tangi la maji mpaka daftari lililokuwa bado mkobani. Mama hakumpiga. Alimpa kitambaa afute kamasi, akafunga kilemba chake, akamshika mkono. Alasiri hiyo hiyo walipita nyumba kwa nyumba, na kila mlangoni mama alisimama nyuma akamwacha mtoto aseme: "Mama yangu hakuunguza gauni la mtu yeyote. Nilidanganya mimi." Kwingine walipewa pole, kwingine walichekwa. Wateja wawili walirudisha vitambaa vyao. Muuguzi aliwasikiliza kwa upole, kisha akasema samahani, kitambaa chake kimeshakatwa na fundi mwingine. Tena kimekatwa vibaya.

Asubuhi mama alisali muda mrefu kuliko kawaida yake, kisha wakaenda shuleni. Mwalimu aliwakaribisha ofisini, akamwita na binti wa dobi. Kasuku aliweka daftari mezani akaeleza alichofanya. Alieleza akitazama saruji ya sakafu.

Mwalimu alilifungua daftari. Alisoma, akavua miwani, akasoma tena.

"Binti yangu," akamwambia binti wa dobi, "nilikupa sifuri kwa kutoleta kazi. Uliniambia umempa kiranja, nami nikamwamini kiranja kwa sababu ni kiranja. Fair's fair. Wa kwanza kukuomba radhi ni mimi." Akageukia Kasuku. "Ukiranja umekwisha leo. Na jina litakalokwenda kwenye mashindano ni la mwenzako. Kesho nitaisoma habari hii mbele ya shule nzima, watu wajue ni ya nani."

"Usiisome, mwalimu," binti wa dobi akasema.

"Kwa nini? Ni haki yako."

"Niliiandika uisome wewe peke yako. Ikisomwa mbele za watu, mwenye kiwanda atasikia ni nani aliyeunguza lile shati. Mama wa pasi bado yupo kazini, na mtoto wake ana wiki mbili. Baba alishalibeba lile jambo likaisha." Akamgeukia Kasuku. "Siku ile ukumbini uliona nimenyamaza. Ulidhani sikuijua habari ya nyumbani kwetu?"

Kasuku alikuwa amejiambia hivyo hasa, kwamba mwenzake hakugundua.

"Basi nifanyeje?" mwalimu akauliza, na ilikuwa ajabu kumsikia mwalimu akimuuliza mwanafunzi swali kama hilo.

"Waambie tu kwamba ile ya gauni ilikuwa ya uongo. Mashindano nitakwenda. Nitaandika nyingine."

Mwalimu akatikisa kichwa kukubali.

Mama, ambaye tangu waingie alikuwa hajasema neno ila salamu, alimshika Kasuku bega akamgeuza amtazame.

"Mwanangu, sikiliza, maana sitarudia. Mimi Kiingereza sikijui. Lakini umejifunza kuitaja haki kwa lugha mbili, na hukuitenda hata kwa moja. Mteja akinidai kitambaa chake, ninacho, narudisha. Makofi uliyopigiwa utayarudisha vipi? Yalikuwa ya mwenzako, na hatapigiwa tena, maana akitaka apigiwe ni lazima amwangushe mtu. Ukiiba sifa ya mtu, hata ukitubu, kuna kipande kinabaki mikononi mwako na hujui pa kukipeleka. Mistari yako mitatu ilikuwa michache, lakini ilikuwa yako. Mungu angeibariki ikawa minne. Kuanzia leo andika unachokijua, hata kiwe kidogo, na cha mtu mwachie mwenyewe."

"Ndiyo, mama."

"Usiniambie mimi ndiyo. Mwambie mwenzako."

Kasuku alipiga hatua moja, akanyoosha mkono. "Nisamehe," akasema. "Tafadhali, ndugu yangu. Nisamehe."

Binti wa dobi aliutazama mkono ule, muda wa kutosha kwa kila mtu mle ofisini kutumaini. Kisha alimwinamia mwalimu kidogo, akamwinamia na mama kwa adabu, kama mtoto aliyelelewa vyema. Akampita Kasuku na mkono wake ulionyooshwa, akafungua mlango, akatoka.