Bei ya Wakili Iliyosemwa kwa Mdomo

Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, mashine ya kuchomelea ilikuwa nje ya mlango wa Munyao, huko Kianda, Kibera. Juu yake palikuwa na kadibodi iliyoandikwa: INAUZWA.

Munyao ni fundi wa milango ya chuma. Mwaka jana alitengeneza mageti ya jengo moja, na mwenye jengo akatoweka bila kulipa. Chuma kilikuwa cha mkopo. Madeni yalipomshinda, Munyao alimwendea wakili Muiruri, Kawangware, ili aombe mahakama imtangaze mufilisi, yaani mtu asiyeweza kulipa madeni yake. Muiruri alimwambia kwa mdomo kwamba kazi ni shilingi elfu thelathini. Kaka yake Munyao alizilipa.

Ijumaa iliyopita ulikuja ujumbe wa simu kutoka kwa Muiruri: sasa jumla ni elfu sabini na nane. Bila hizo, karatasi hazitapelekwa mahakamani.

"Baba Ndululu," mkewe Nzilani alisema, "ukiuza hii, utachomelea na kiberiti?"

"Wakili anataka pesa yake."

"Ya nini na nini? Amekuandikia?"

Hakuwa ameandika. Nzilani aliing'oa kadibodi, akamwambia avae viatu. Walienda eneo la Kawangware 46 kwa Mumbi, msaidizi wa kisheria anayehudumia wakazi bila malipo.

Mumbi aliuliza Munyao alimtajia wakili wadai wangapi siku ya kwanza. Watatu, alijibu: benki, duka la chuma na mkopo wa simu. Na sasa? Nzilani ndiye aliyesema kwamba wako kumi. Saba ni wenzao wa chama cha kusaidiana cha watu wa Kitui. Kila mmoja alikuwa amemkopesha, na waliposikia habari walienda wenyewe kwa wakili.

"Hao si wadai," Munyao alisema. "Ni watu wa nyumbani. Mama akifa, hao ndio watachimba kaburi. Nitawaandikaje karatasi moja na benki?"

"Watachimba, mzee," Mumbi alisema. " Na bado wanakudai."

Mumbi alieleza kwamba makosa yalikuwa mawili. Mteja alificha wadai saba, na orodha isiyo kamili inaweza kuharibu ombi lote. Wakili naye alitaja bei bila kuandika inahusu kazi gani. Kazi ikiongezeka, bei inaweza kupanda, lakini mteja ana haki ya kuomba hesabu inayoonyesha kila kazi na bei yake. Wasipokubaliana, ofisa wa mahakama anaweza kuikagua hesabu hiyo. Pia kuna tume ya serikali inayopokea malalamiko kuhusu mawakili. Kuhusu mashine, alisema sheria humwachia mufilisi vifaa vya kazi anavyovihitaji, hadi thamani iliyowekwa.

"Sheria inakuachia," Nzilani alimwambia mumewe. "Wewe ndiye uliyeiwekea kadibodi."

Siku hiyo hiyo waliandika barua ya kuomba hesabu. Jumatano Munyao alimwendea Angeline, mweka hazina wa chama, akamwambia kwamba majina yao yataandikwa.

"Afadhali," Angeline alisema. "Tulidhani umetusahau."

Alhamisi Munyao, Nzilani na Mumbi walikaa na Muiruri. Hesabu ilikuwa na barua kwa wadai kumi, na siku mbili za kufika mahakamani kwa shilingi elfu ishirini.

"Mahakamani ulienda lini, wakili?" Mumbi aliuliza.

"Bado. Niliweka mapema."

Muiruri alizifuta siku hizo. Ikabaki elfu hamsini na nane. Thelathini zilikuwa zimelipwa. Zilizobaki zitalipwa elfu nne kila mwezi, kwa miezi saba. Kazi zote ziliandikwa, pamoja na bei ya siku ya mahakamani ikiwa itakuwapo. Munyao na wakili walitia sahihi.

Ijumaa, saa tatu asubuhi, ombi lenye majina ya wadai kumi lilipokelewa mahakamani. Saa nane mchana, Munyao alichomelea bawaba za mlango wa Angeline, mdai wa saba kwenye orodha. Angeline alilipa mlango wote bila kukata deni lake, akaomba risiti. Munyao alimwandikia.