Maji Yaliyotangulia

Maji yalimteremka Zuhra mguuni akipima mchele dukani kwa mumewe, Kasulu mjini, mimba ina miezi saba. Akadhani ni mkojo. Kesho yake yakaja tena, yananuka samaki aliyelala.

Kwao ni Kibondo, mbali, kwa hiyo akamwambia mama mkwe, Bi Asia, mwanamke wa Tanga aliyezika vichanga vitatu kabla ya kumpata Nurudini, mume wa Zuhra. Bi Asia akakaa chini.

"Ni subiani," alinong'ona. "Kwangu pia alianza kwa harufu. Usimtaje nje, mwanangu, atamla mtoto leo leo."

"Mama, si twende hospitali?"

"Hospitali wana mkasi wa kukata jini?"

Dawa ya kwao Tanga ni hii: siku saba mjamzito havuki kizingiti, mlango unafungwa, na udi hauzimwi. Bi Asia alifukiza kwa mapenzi yake yote, maskini, na moshi ukaifunika ile harufu, asijue mtu kuwa inazidi kuoza. Siku ya tatu, saa sita mchana, Zuhra alikuwa akitetemeka meno yanagongana, na tumboni akasikia kitu kinakwaruza polepole, kama panya kwenye gunia, kinakwaruza kila mtoto aliposogea, mpaka mtoto akaacha kusogea na kukwaruza kukaendelea, na chupa ya uzazi ikapasuka yote, maji ya kijani yakalowesha mkeka, naye akapiga ukelele uliomleta Nurudini kutoka dukani kuvunja mlango.

Hospitali, nesi Yusta alikifunika kichanga kilichozaliwa mfu. Kilikuwa cha kiume.

"Mawe, mama yangu! Mbona mmechelewa hivi?" alisema kwa upole. "Wadudu walipanda kutoka chini, mfuko wa maji ukavimba, ukalika, ukapasuka. Mngekuja siku ile ya kwanza tungempiga mama huyu sindano, pengine tungewahi."

"Na wangu watatu?" Bi Asia aliuliza. "Nao walinuka hivi hivi."

Yusta akamwekea kichanga mikononi.

Bi Asia akampakata mjukuu wake, akalia kilio cha miaka arobaini. Zuhra alitaka kumchukia, moyo ukakataa. Ndipo aliposikia vichanga vikimwitikia bibi huyo, na wodini humo hamkuwa na mtoto hai hata mmoja. Vilikuwa vinne. Sauti changa kuliko zote aliijua bila kuambiwa. Akajiburuta kitandani anyooshe mkono, lakini vilio vilikuwa vinafifia kwenye ukumbi, kama vimebebwa na mtu anayekwenda zake.