Nani Aliharibu Mawimbi ya Wivine?

Tiiit! Tiiit! Mlio ulipenya ukuta, sauti ikaufuata:

"Fils! Kuya hapa!"

Fils akaingia sebuleni. Shemeji yake, Wivine, alikaa kitini, nyaya zimebandikwa kichwani. Ndiyo mashine aliyonunua ya kuzoeza ubongo kutulia, apate usingizi. Kwenye kompyuta mawimbi yaliruka kama mbuzi waliokata kamba. Kando, mumewe Casimir, kaka yake Fils, alijipepea kwa joto la Oktoba, bonnet, kofia ya sufu, kichwani.

"Juma muzima iko vile," Wivine akafoka. "Ampli yako ya muziki njo inaharibisha mashini. Nimeisha kupigia mama yako simu: kesho unarudia kwake, Kasumbalesa."

Masomo ya chuo ya Fils yangefia hapo. Damu ikamchemka, lakini akamwita yaya, kama dada mkubwa.

"Yaya Wivine, unanikatia kesi bila kuniuliza? Nipatie saa moja tu."

Akachomoa ampli. Mawimbi yakaendelea kuruka. Akamwomba jirani, Mwape, mchomeleaji vyuma, azime mashine yake. Mwape akatukana, akazima. Yakaruka. Mara umeme ukakatika mtaa mzima, kompyuta ikabaki kwenye betri. Yakaruka vilevile.

"Yaya, ampli inaimba bila courant?"

Wivine akashika nyaya za kichwani.

Lilibaki kopo la pasta nyeupe ya kugandisha waya kwenye ngozi. Fils akachota kidogo, akadondoshea maji. Pasta ya kweli huyeyuka. Awali Wivine aliiosha kwa maji matupu. Hii ilikataa. Tone lilisimama juu yake, duara, likiringa.

"Hii si pasta. Iko pomadi. Mafuta inazuia waya kusikia kichwa."

"Na pasta yangu iko wapi?"

Fils alikuwa anatazama mabega ya kaka yake. Unga mweupe ulikuwa unadondoka juu yake kama chaki.

"Yaya Casimir, toa bonnet."

"Niko na malaria."

"Toa!" Wivine akasema.

Upara ukaonekana, mweupe kama ukuta wa chokaa.

"Bon," Casimir akanong'ona. "Ile pasta inasemaka na ubongo. Nikawaza itaamusha na nywele. Ilipoisha nikajazia pomadi."

"Na ukaacha ndugu yako afukuzwe?"

"Niliogopa utanicheka."

Wivine hakucheka. Kisha akacheka mpaka waya ukabanduka. Alipopata pumzi akamgeukia Fils, akamshika mkono.

"Hauende popote. Dimanche, siku ya misa, tunaenda wote kwa mama yako, na mbele yake nitasema kwa kinywa changu: mutoto wako hakukosa, miye njo nilikosa."